Chupa ya Bwawa la Tatu

Goti la mama lilianza kunuka Novemba,
Wroclaw imewasha mishumaa makaburini
na reli za tramu zimelowa majani.
Goti la chuma, la kununua,
alilowekewa baada ya miaka thelathini na moja
ya kukanyaga breki njia ya saba.

Daktari Ludomira hakupaka asali:
"Bi Halszka, dawa ya kwanza imeshindwa.
Ya pili imeshindwa.
Ya tatu wanainywa kama supu."
Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Hawa dawa hawasikii
na kufa hawafi.

Nyuma ya karatasi ya chakula cha wodini
akanichorea kijidudu chenye kijimlango ubavuni:
dawa ikiingia, kinaitupa nje kupitia hapo,
kama mwenye nyumba anayemrushia mpangaji begi barabarani.
Kisha akachora kitu chenye kichwa cha pembepembe
na miguu ya buibui.
"Kirusi," akasema, "lakini hakitujui sisi.
Kinakula bakteria tu. Faji, ndilo jina lake.
Na faji ninayemtaka
hubisha hodi kwenye kijimlango kile kile."

Anapatikana wapi?
Akanitazama buti.
"Palipo na uchafu. Si unafanya kazi kwenye majitaka?"

Miaka tisa mama hajamtajia mtu kazi yangu.
Kwa majirani, niko "idara ya maji".
Nikirudi, sabuni ilinipokea mlangoni
kabla ya salamu.

Basi zamu ya usiku nikashuka bwawa la tatu,
barafu ukingoni nyembamba kama utando wa maziwa.
Nikachota chupa moja,
rangi ya chai iliyosahauliwa,
nikaipakata kwenye tramu ya alfajiri.
Watu wakahama viti.

Maabara wakachuja, wakangoja, wakachuja tena.
Kwenye kisahani cha kioo, katikati ya ukungu wa bakteria,
yakatokea matundu masafi
kama ya nondo kwenye sweta.
Hapo alikuwa amekula.

Wakampa mama vyote viwili:
faji gotini, dawa mshipani,
ile ile ya pili, iliyokwisha kukatiwa tamaa.
Mlango ukiwa wazi, faji anaingia.
Kijidudu kikiuziba, dawa inabaki ndani,
haina pa kutupiwa.
Kuruka majivu, kukanyaga moto.

Usiku wa nne homa ikapanda.
Mama akaendesha tramu kitandani,
akitangaza vituo vilivyobomolewa zamani,
akiwaambia abiria wasiegemee milango.

Siku ya kumi na moja kidonda kikaacha kutoa maji.

Sisemi muujiza. Daktari mwenyewe hakujua
ni faji, ni dawa,
au ni wawili hao kugombea windo moja.
Na kitanda cha dirishani alilala Bwana Zbylut, mfinyanzi.
Nilimchotea naye, chupa tano, mabwawa yote.
Wake hakuwamo.
Tulimzika wiki moja kabla ya Krismasi.

Machi, kwa fimbo, mama akapanda tramu hadi kituo cha mwisho,
akimsonya dereva kijana kila alipofunga breki kwa pupa.
Akasimama kwenye ukingo wa bwawa la tatu,
leso puani.
Akaishusha.
Akayatazama maji muda mrefu,
kama mtu aliyenuniana na jirani
na leo hana budi kumrudishia sufuria.

"Yananuka," akasema.
"Yananuka, mama."
"Hivi jirani akiniuliza tena..."
Hakumaliza.
Akanyoosha mkono mtupu, bila glavu,
akanilaza vizuri kola ya koti la kazi,
na mkono ule
hakuutafutia sabuni.